Swichi ya siri: tulivyokosea na tulivyojifunza

(Mazungumzo ya timu ya uwanja kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi, Baraka. Tumeyaandika kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika, na kwa rafiki zetu wanaotutegemeza kutoka mbali.)



Komite ilituomba tuzungumze juu ya swichi ya siri, kile kifaa kidogo kinachoizuia pikipiki isiwake mkononi mwa mwizi. Tunajua wengine walitegemea tuje na fundi, tufungue pikipiki moja hapa mbele, kila mtu aone. Hapana. Leo hakuna pikipiki itakayofunguliwa, na mukitusikiliza mpaka mwisho mutaelewa kwa nini. Tulishafanya hivyo mara moja, na tulilipa.

Tuanze na usiku ule ambao wengi wenu munaukumbuka. Mama mmoja alitoka nje karibu saa tisa ya usiku, akapiga kelele: "Moto! Moto yake haiko!" Sasa, ninyi muliokulia huku mulielewa mara moja kwamba anasema pikipiki. Lakini nusu ya mtaa ule ni sisi tuliorudi kutoka Tanzania, tuliokulia Lugufu na Nyarugusu, na kule moto ni moto. Tulisikia neno la kwanza tu, tukatoka mbio na ndoo za maji. Tulifika kwenye parseli ya yule ndugu tumeloa mpaka magotini, tunatafuta moshi, hatuoni moshi. Tuliona alama za magurudumu kutoka barazani mpaka barabarani, basi.

Asubuhi watu walicheka kidogo juu ya zile ndoo. Mwenye pikipiki hakucheka.

Kwa rafiki wa mbali tueleze kidogo. Muso yetu iko na masanduku mawili tunayoyatumia kila juma. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo. Sanduku jekundu ni la msiba na ugonjwa. Pikipiki ile ilinunuliwa kwa mkopo wa sanduku la kijani, na yule ndugu alikuwa amelipa nusu. Nusu iliyobaki haikuwa pesa ya mtu tajiri. Ilikuwa pesa ya mama anayeuza dagaa pale ufukweni, na ya mjane aliyekuwa anaweka kidogo kidogo apate mabati. Watu wakaanza kuuliza: je, sanduku jekundu lisaidie kulipa? Wengine wakajibu: likilipa pikipiki, siku mtoto atalazwa hospitali litalipa nini? Tulikalia neno hilo jioni mbili. Watu waliovuka ziwa pamoja mwaka 1996, wakarudi pamoja kwa meli za HCR, walikaribia kukataa kusalimiana. Mwishowe tulikubaliana kwamba deni linabaki na muda unaongezwa. Yule ndugu mpaka leo anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni anapeleka pesa ya siku kwa mwenye chombo.

Njo maana tunasema habari ya swichi haiwahusu vijana wa pikipiki peke yao. Pikipiki moja ikiibiwa, inaondoka na mabati ya mjane.

Funguo mfukoni haitoshi

Baada ya usiku ule tulimwendea fundi mmoja wa hapa mjini, mtu mzima, mikono imejaa oili. Sisi wa uwanja tuko na karatasi za chuo kikuu. Yeye hana karatasi, lakini siku ile mwalimu alikuwa yeye.

Alituuliza: "Munadhani kontakti inafanya kazi gani?" Tukajibu kwamba inapeleka umeme. Akacheka, akatuonyesha.

Kwenye pikipiki nyingi hizi ndogo za kazi, umeme wa kuwasha injini hautoki kwenye batri. Unatoka kwenye manyeto, mle ndani ya injini, kila unapopiga kiki. Kutoka hapo unaenda kwenye kisanduku cheusi ambacho mafundi wanakiita CDI, halafu kwenye bobini, halafu kwenye buji, na cheche inatoka. Unapozima kontakti, kazi yake ni kuumwaga ule umeme kwenye masi, yaani kwenye chuma cha pikipiki, ili usifike kwenye buji. Sasa mwizi anafanya nini? Anavunja loki ya shingo kwa nguvu ya mikono, anachomoa soketi ya kontakti pale chini ya taa. Njia ya kuumwaga umeme imekatika. Anaisukuma mpaka mbali kidogo na nyumba, anapiga kiki, injini inawaka. Wewe umelala, funguo iko mfukoni mwa suruali, na pikipiki inapita Mboko.

Ziko pikipiki za namna ya pili, ambazo CDI inakula umeme wa batri unaopita kwenye kontakti. Kwa hizo mwizi anahitaji kuunganisha waya mbili. Inamchelewesha kidogo, haimzuii.

Waya gani ikatwe, na waya gani isikatwe

Swichi ya siri inakata umeme mahali ambapo mwizi hapajui. Wazo ni jepesi. Lakini vijana wengi waliojifungia wenyewe walikata mahali pabaya, na fundi alituhesabia makosa matatu.

La kwanza ni kukata waya ya demareri. Unabonyeza kitufe, kimya, unafurahi. Lakini mwizi hahitaji kitufe. Atapiga kiki, au ataisukuma kwenye mteremko na kuingiza gia.

La pili ni kukata waya inayotoka kwenye kontakti, kwa pikipiki ya namna ile ya kwanza. Hapo umeifanya kazi ya mwizi wewe mwenyewe, maana umekata ile njia ya kuumwaga umeme. Pikipiki sasa itawaka hata bila funguo.

La tatu ni kukata waya nene ya batri. Pikipiki ya manyeto itawaka hivyo hivyo bila batri. Tena waya ile inapitisha umeme mwingi unapotumia demareri, na swichi ndogo itayeyuka.

Yeye anachagua ile waya nyembamba inayotoka kwenye manyeto kwenda kwenye CDI, ile inayoiambia CDI: sasa, toa cheche. Namna zote mbili ziko nayo. Inapitisha umeme kidogo sana, kwa hiyo swichi ndogo inatosha na haipati joto. Ikikatwa hapo, taa zinawaka, honi inalia, demareri inazunguka, lakini cheche hakuna. Mwizi anadhani mafuta yamekwisha, au chombo kimeharibika. Mbwa wanabweka, jirani anakohoa ndani ya nyumba, naye hana muda wa kutafuta. Anaiacha.

Kazi yenyewe ifanywe vizuri, kwa sababu swichi mbaya inamuumiza mwenye pikipiki kuliko mwizi. Waya zilehemiwe. Waya iliyosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu itakuacha siku ya kwanza ya matope, pengine katikati ya kilima na mama mjamzito nyuma yako. Waya mpya iwe na rangi ya zile za zamani, isionekane kama utepe wa harusi. Swichi isiwe mahali ambapo goti litaigusa au maji ya mto yataifikia. Na usiizime kamwe pikipiki ikitembea. Simama kwanza, zima kwa funguo, halafu swichi.

Fundi akimaliza, jaribuni hivi. Zima swichi, washa funguo, piga kiki mara kumi: isiwake. Washa swichi: iwake mara moja. Iendeshe kwenye barabara mbaya, ioshe kwa maji mengi, jaribu tena. Ikikataa mara moja tu, irudi kwa fundi kabla ya kubeba mtu.

Kosa letu chini ya mwembe

Sasa tuje kwenye kosa, na hatutaki kulificha.

Tulipojua hayo yote, tulifurahi kupita kiasi. Tulinunua swichi, tukaita pikipiki zote za wanachama siku ya Jumamosi, chini ya mwembe. Fundi alifunga zote siku moja, mahali pamoja, upande ule ule. Watoto walijaa, wapita njia walisimama, hata muuza mandazi alileta beseni lake kwa sababu palikuwa na watu. Sisi tulipiga picha za ripoti. Picha moja ilionyesha kidole kinagusa swichi, mahali pake kabisa, na tuliichapa kwenye gazeti hili hili la chama. Rafiki wafadhili, munakumbuka: mulituandikia kwamba picha ile imewapendeza.

Haikupita muda mrefu, pikipiki ya pili ikaondoka. Safari hii hapakuwa na waya iliyokatwa. Loki ya shingo ilivunjwa, soketi ilichomolewa, swichi ikabonyezwa. Mwizi alifanya kazi safi kama mtu aliyesoma kitabu, na kitabu tulikiandika sisi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko wizi wenyewe. Watu walianza kutajana. Huyu alisimama karibu sana na fundi. Yule mwanafunzi wa fundi ana viatu vipya. Tulilazimika kuitisha mkutano na kusema wazi mbele ya wote: hatuna haki ya kumshuku mtu. Siri iliyomwagwa chini ya mwembe, kila aliyepita aliokota.

Tulikosea kwa sababu ya jambo zuri, na hilo linafaa lifahamike. Chama chetu kimesimama kwa kuonyeshana. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Sanduku liko na funguo tatu kwa watu watatu. Tukadhani na swichi iende hivyo. Lakini pesa ya sanduku ni ya wote, njo maana inahesabiwa mbele ya wote. Swichi ni ya nyumba moja. Ikijulikana na wote, imekuwa kitufe tu.

Namna tunavyofanya sasa

Kila mwenye pikipiki anaenda mwenyewe kwa fundi anayemwamini, kwa siku yake, nyuma ya mlango uliofungwa. Wanachagua mahali wao wawili. Hapafanani na pa jirani. Sisi wa uwanja hatuulizi ni wapi, na ukitaka kutuambia tutaziba masikio.

Anayekopa pikipiki kwenye sanduku la kijani lazima aonyeshe kwamba swichi ipo. Anaonyeshaje bila kuonyesha? Mtu wa komite anafika, anapewa funguo, anapiga kiki, haiwaki. Anageuka, anaangalia ukutani. Mwenye pikipiki anafanya anachofanya. Mtu wa komite anapiga kiki tena, inawaka. Anaweka sahihi kwenye daftari. Ameona kazi, hajaona mahali.

Kanuni nyingine tulifundishwa na usiku mwingine. Ndugu mmoja alishikwa na malaria kali, hata maneno yalikuwa hayatoki vizuri. Usiku ule ule mtoto wake mdogo akapata degedege. Mke alitoa funguo, jirani anayejua kuendesha alikuja mbio, akapiga kiki mpaka mguu ukachoka. Taa zinawaka, injini haiwaki. Baba peke yake ndiye alijua swichi iko wapi, na baba hakuweza kusema. Walimbeba mtoto kwa miguu mpaka kwenye kituo cha afya. Mungu ni mwema, mtoto alipona, na leo yuko hapa nje anacheza. Lakini yule mama alitwambia neno moja ambalo hatulisahau: "Muliificha kwa mwizi, mukaificha na kwangu."

Kwa hiyo watu wawili wajue. Mwenye pikipiki, na mtu mmoja wa nyumbani mwake ambaye anaweza kuamshwa usiku. Wawili, wasizidi. Wababa, mke wako akijua mahali unapoweka pesa, swichi haitamshinda.

Njiani, mbele ya bunduki

Hapa tunaomba mutusikilize kuliko pengine pote.

Kijana mmoja, motari mzuri, alitwambia kwa furaha: "Wakinisimamisha porini na silaha, nitazima swichi kimya kimya, niwaachie pikipiki. Itawafia mkononi, watashindwa." Wenzake walimpigia makofi. Sisi damu ilituganda.

Mufikiri pamoja nasi. Wewe uko peke yako barabarani. Wao wako na bunduki. Pikipiki inakataa kuwaka mbele ya macho yako, na wao si wajinga, wanajua umewachezea. Watakugeukia nani? Huna mlango wa kufunga, huna jirani wa kuamsha. Pikipiki utakuwa umeiokoa kwa dakika tano, wewe mwenyewe hutarudi nyumbani.

Swichi ya siri ni ya pikipiki iliyolala: barazani, sokoni, nje ya kanisa au msikiti. Mtu mwenye silaha akisema leta, mpe. Mpe na funguo. Swichi iachwe inawaka. Akiuliza kama kuna kitu kimefichwa, mwambie kiko wapi. Usibishane naye, usimwangalie machoni kwa hasira, usirudi nyuma kufuata kofia yako.

Tunajua kinachowatisha vijana. Wanaogopa kurudi kwenye chama na kuulizwa: "Na swichi tuliyokufungia?" Kwa hiyo tuliomba komite iamue, na imeamua, imeandikwa kwenye daftari: anayenyang'anywa kwa silaha hataulizwa kwa nini hakuzima swichi. Deni lake litapangiwa muda mpya, kama lilivyopangwa la yule ndugu wa kwanza. Pikipiki tunaweza kuilipa kwa miezi. Kuna watu wa chama hiki waliovuka ziwa na watoto mgongoni ili waishi. Hatukurudi nyumbani ili tufe kwa ajili ya chuma.

Swichi haifanyi kazi peke yake

Yaliyobaki ni ya kila siku. Sisi tunakaa kando ya ziwa, na pikipiki iliyokataa kuwaka inaweza kubebwa na watu wawili na kuingizwa ndani ya mtumbwi. Swichi haiwezi kitu hapo. Mnyororo unaweza. Ufunge kwenye fremu, uzungushe kwenye mchikichi au kwenye nguzo ya nyumba. Usiufunge kwenye gurudumu tu, kwa sababu gurudumu linafunguliwa.

Nambari ya shasi na ya injini ziandikwe kwenye daftari la chama, na nakala ya karatasi za pikipiki ikae mbali na pikipiki. Wengi wanaziweka chini ya kiti, halafu mwizi anaondoka na chombo pamoja na cheti chake. Na filimbi ziwe kila nyumba. Zile tulizogawa watoto walizichezea zikapotea, tutafute nyingine.

Mzee mmoja ameuliza juu ya gari lake la mizigo. Mzee, gari la mazuti halitumii cheche, kwa hiyo habari ya waya ile nyembamba haipo. Magari mengi ya namna hiyo yako na kifaa kidogo kwenye pampu, kinachofunga mazuti umeme ukikatika, na swichi inawekwa kwenye waya yake. Lakini mwizi fundi anaweza kukipelekea umeme moja kwa moja kutoka kwenye batri. Utafute fundi wa magari wa kweli, na lile gari lenye kompyuta usikubali liguswe na mtu wa kubahatisha.

Kwa rafiki zetu wa mbali, hatuombi pesa ya swichi. Ni kifaa cha bei ndogo, na kila mwenye pikipiki anajinunulia. Tunaomba kitu kimoja: mupokee ripoti zetu bila picha za kazi hii. Mutapata idadi, mutapata sahihi za daftari. Picha hamtaipata tena.

Mungu awalinde njiani. Na usiku mtu akilia "moto", tafadhali, mutoke na ndoo na filimbi pamoja. Tutajua mbele ya safari ni moto gani.